Bei Si Hoja: Kinachoizuia Ofisi Kuhama Word

Kampeni nyingi za programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, huanza na bei. LibreOffice, programu ya ofisi mithili ya Microsoft Office, ni bure; Linux, mfumo endeshi mithili ya Windows, ni bure; pakua, sakinisha, hudaiwi leseni. Hoja hiyo ina uzito Kiel (Ujerumani) au Paris, ambako serikali hupokea ankara ya leseni kila mwaka na bajeti lazima ionyeshe imelipwa wapi. Kariakoo au Luthuli Avenue haina uzito huo. Mnunuzi wa laptop ya mtumba hukabidhiwa mashine iliyokwisha kupigwa Windows, na Office iko ndani, mara nyingi ikiwa imekrekiwa, yaani imefunguliwa bila leseni. Machoni pake Word nayo ni bure. Ukimwambia aache bure aliyoizoea aifuate bure asiyoijua, umemwongezea kazi tu.

Wenye programu walilijua hilo zamani. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Bill Gates alisema kuhusu China kwamba maadamu watu wataiba programu, basi ni heri waibe za Microsoft; watazizoea, na namna ya kukusanya malipo itapatikana baadaye. Nakala iliyokrekiwa inamfundisha mtumiaji menyu, inajaza folda zake mafaili ya .docx, na inamzoesha fundi aina moja ya tatizo. Mpinzani mkubwa wa LibreOffice katika miji yetu ni Word isiyolipiwa, wala si Word ya dukani.

Nakala hiyo ina gharama zake, ila hazionekani siku ya kununua. Programu nyingi za kuwasha leseni bandia hudai kwanza uzime Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, au uiambie isikague folda fulani. Fundi anafanya hivyo, Office inawaka, mashine inaondoka bila mlinzi. Kisha inaingia kwenye mzunguko wa flashi: ofisini, steshenari, nyumbani. Virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu vimestawi kwenye mzunguko huo huo. Lakini lawama humwendea mwenye flashi ya mwisho, na hakuna anayekumbuka kwamba mlango ulifunguliwa siku mashine iliponunuliwa.

Bei ikishawekwa kando, swali linabaki: ofisi inaogopa nini? Watu husema mazoea yana taabu, wakaishia hapo. Jibu hilo ni rahisi mno, na linawatukana watumiaji bila sababu. Watu hao hao walihama kutoka simu za vitufe kwenda Android, na kutoka benki ya foleni kwenda pesa za simu, bila kubembelezwa. Hofu ya ofisini ina msingi. Waraka wa ofisini hauna mmiliki mmoja; unapita kwa katibu, mhasibu, mkuu wa idara, steshenari, benki na mteja. Anayehama peke yake ndiye anayelipia kila hitilafu inayotokea njiani, na anailipa kwa aibu, mbele ya watu.

Chukua barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Word, ikafunguliwa kwenye mashine iliyowekwa Linux na LibreOffice jana. Aya zinarefuka, na "Wako katika ujenzi wa taifa" pamoja na sehemu ya sahihi vinaangukia ukurasa wa pili. Bosi anaona jambo moja: programu mpya imeharibu barua.

Kilichotokea kina sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni fonti. Faili la .docx kwa kawaida hubeba jina la fonti tu, halibebi fonti yenyewe. Tangu Office 2007 Word ilianza kwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. Mashine isipoipata, hutafuta ya kuiziba, na ikiziba kwa fonti pana kama DejaVu Sans, mstari uliotosha maneno kumi na mawili sasa unatosha kumi. Dawa ni fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. LibreOffice ya Windows huja nazo. Kwenye Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, ziko kwenye vifurushi vya fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, na kuviweka ni kazi ya dakika mbili. Liberation Serif na Liberation Sans hufanya kazi hiyo hiyo kwa Times New Roman na Arial. Tangu 2023 Microsoft imeanza kuweka Aptos mahali pa Calibri, kwa hiyo ofisi inayopokea nyaraka mpya iwaombe wanaozituma watumie fonti ya zamani au watume PDF.

Sababu ya pili ni saizi ya karatasi. Ukisakinisha LibreOffice ukaiacha kwenye Kiingereza cha Marekani, ukurasa mpya hufunguka kwa saizi ya Letter, yaani milimita 215.9 kwa 279.4, wakati karatasi iliyo kwenye printa ni A4, 210 kwa 297. Tofauti ya urefu ni milimita 17.6, sawa na mistari mitatu hadi minne ya maandishi ya kawaida. Ingia Tools, Options, kisha sehemu ya lugha, ubadilishe Locale iwe English (UK). Wengi hawaijui hatua hii, wakaichukia programu kwa kosa la mpangilio.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, na haina uhusiano na programu yoyote. Nyaraka zetu nyingi zimepangwa kwa kitufe cha nafasi. Tarehe imesukumwa kulia kwa kugonga nafasi mara arobaini. Ukurasa mpya umepatikana kwa kugonga Enter hadi kielekezi kishuke. Sahihi mbili zimewekwa sambamba kwa nukta na nafasi. Waraka wa namna hiyo unasimama wima kwenye mashine moja tu, ile iliyouandika. Hata toleo jingine la Word linaweza kuuangusha. Tarehe ipangwe kulia kwa Ctrl+R, ukurasa ukatwe kwa Ctrl+Enter, na sahihi mbili zikae ndani ya jedwali la safu mbili lisilo na mistari. Nadhani nusu ya malalamiko kwamba LibreOffice inavuruga nyaraka yangeisha kwa mafunzo ya asubuhi moja kuhusu mambo haya matatu. Mafunzo hayo hayatolewi, kwa sababu kozi nyingi za kompyuta hufundisha vitufe vya Word, hazifundishi muundo wa waraka.

Hapo ndipo upinzani unapopata mizizi ya kitaasisi. Tazama matangazo ya ajira ya Katibu Mahsusi katika utumishi wa umma Tanzania. Kwa miaka mingi yamekuwa yakitaka hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, na cheti katika programu za Windows, Microsoft Office, Internet, E-mail na Publisher. Katibu aliyelipia cheti hicho, akafanya mtihani na kuajiriwa kwa sababu yake, akiambiwa kesho Word inaondolewa, anasikia kwamba sifa yake ya kazi imefutwa. Ana haki ya kukataa. Tangazo lilitaja bidhaa za kampuni moja kana kwamba ndizo ujuzi wenyewe, na vyuo vikafuata kwa sababu mwanafunzi hulipia kinachotajwa kwenye tangazo.

Madhara ya kutaja bidhaa yanaonekana wazi kwenye Publisher. Microsoft imetangaza kwamba Publisher inafikia mwisho wake Oktoba 2026, na wanaotumia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili ya .pub kwa programu hiyo. Vipeperushi, vyeti vya mahafali na kadi za mwaliko zilizotengenezwa kwa Publisher ziko kwenye ofisi nyingi za shule, kata na makanisa. Aliye nazo azifungue sasa na kuzihifadhi kama PDF, kisha zile zinazohitaji kuhaririwa kila mwaka azijaribu kwenye LibreOffice Draw, programu yake ya michoro, ambayo husoma .pub tangu toleo la 4.0. Picha na maandishi kwa kawaida hufika. Mapambo ya herufi na kingo hupotea mara kwa mara, hivyo ukaguzi wa macho ni lazima. Programu ya wazi ndiyo itakayobaki ikisoma mafaili ya programu ya kulipia iliyoachwa na mwenyewe.

Kuna pia vidole. Mpigachapa mzoefu hatazami menyu. Mikono yake inajua. Katika Word, F12 hufungua dirisha la kuhifadhi kwa jina jipya. Katika Writer, ambayo ndiyo Word ya LibreOffice, F12 hugeuza aya kuwa orodha yenye namba. Katibu anabonyeza ili ahifadhi barua, na barua inaota namba moja, mbili, tatu. Katika Calc, ambayo ndiyo Excel yake, kitufe cha Backspace hufungua kidirisha kinachouliza ufute nini, ilhali Excel hufuta papo hapo. Kinachofuta moja kwa moja kwenye Calc ni Delete. Vitu vidogo hivi humkatisha mtu kila baada ya dakika chache, na hakuna anayeviandika kwenye ripoti ya tathmini. Karatasi moja iliyobandikwa pembeni ya skrini, yenye vitufe kumi vilivyobadilika, inasaidia kuliko semina ya siku mbili. Ctrl+Shift+S kwa kuhifadhi kwa jina jipya iwe ya kwanza. Na wale waliozoea utepe wa Word wawekewe View, User Interface, Tabbed kabla hawajakaa kitini. Mwonekano wa kwanza una nguvu kubwa.

Kwa mhasibu mambo ni tofauti, na watetezi wa programu huria hukosea wanapomchanganya na wengine. Faili lake la mishahara lina makro za VBA, yaani amri za kujiendesha ndani ya Excel, alizoziandika mtu aliyekwisha kuhama, viungo vinavyovuta takwimu kutoka mafaili mengine matano, pengine na Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kupanga takwimu. Calc hufungua .xlsx vizuri, ina jedwali egemeo (pivot table), na tangu toleo la 24.8 la mwaka 2024 ina XLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali. Lakini VBA inaendesha kwa sehemu tu, na Power Query haina. Makro ikigoma tarehe 25 ya mwezi, wafanyakazi hawalipwi. Mhasibu huyu abaki na Excel yenye leseni halali, na ofisi iendelee na mashine nyingine. Kumlazimisha ili hesabu ya wahamaji itimie ni kumpa kila mpinzani wa mradi mfano wa kunukuu kwa miaka kumi.

Munich ilikumbana na haya yote kwa ukubwa wa jiji. Mwaka 2003 baraza la jiji hilo la Ujerumani liliamua kuachana na Windows, ingawa Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikwenda mwenyewe kuonana na meya Christian Ude. Mradi wa LiMux ulianza kuhamisha mashine mwaka 2006, na kufikia 2013 zaidi ya 14,800 kati ya takriban 15,500 zilikuwa zikitumia Linux. Jiji lilitengeneza hata programu yake, WollMux, ya kusimamia violezo vya barua. Mwaka 2017 baraza, chini ya meya mwingine, lilipiga kura kurudi Windows. Wengi huisimulia habari hii kama ushahidi kwamba Linux haifai ofisini. Mashine zilifanya kazi. Kilichochosha ni kwamba jiji lilibaki kisiwa: linabadilishana nyaraka kila siku na ofisi nyingine zinazotumia Word, programu maalumu za idara zilitaka Windows, na kompyuta zilisimamiwa na vitengo vingi vilivyotawanyika. Kila faili lililokataa kufunguka liliandikwa kwenye hesabu ya LiMux, na uongozi ulipobadilika, hesabu hiyo ilikuwa tayari mezani.

Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilifuata mpangilio wa kinyume. Mwaka 2005 lilibadilisha programu ya ofisi tu, likaweka OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, juu ya Windows ile ile. Mwaka 2006 likaweka Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua pepe. Askari alipofika 2008, mwaka ambao Ubuntu ilianza kuingia, kila programu aliyoigusa kutwa alikuwa amekwisha kuizoea; kilichobadilika ni kilicho chini yake. Kufikia 2024 mfumo wao, GendBuntu, ulikuwa kwenye asilimia 97 ya mashine zaidi ya 100,000. Ni kweli jeshi lina amri, na amri iliwahamisha wote pamoja. Lakini amri peke yake isingetosha kama wangeanza na mfumo endeshi. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, nalo linahama kwa hatua: LibreOffice kwanza kwenye mashine kama 30,000, kisha barua pepe, ambapo masanduku zaidi ya 40,000 yalikamilika kuhamishwa Oktoba 2025. Linux iko mbele yao bado.

Kwetu, anayesema kwamba Waafrika Mashariki hawataki programu huria hajaangalia hospitali zetu. DHIS2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, ilisambazwa Kenya nzima mwaka 2011 kwa takwimu za afya, na Tanzania inaitumia pia. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Maktaba za vyuo vikuu zinaendesha Koha, na masomo yanapita Moodle. Muuguzi anayejaza takwimu za mwezi kwenye DHIS2 hajawahi kuulizwa kama anapenda programu huria. Alifundishwa, wilaya ina mtu wa kumpigia simu, na takwimu zote zinaishi kwenye seva moja, hivyo hakuna faili la kumtumia mtu likaharibika njiani. Mafunzo na mtu wa kumpigia simu Word inavyo tayari, na faili lake kwa kawaida hufika salama kwa kuwa wengi wanaitumia; LibreOffice ikiingia ofisini huingia bila hata kimoja.

Lugha nayo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na ilistahili kupewa chuo cha makatibu, mtaala na mtihani. Haikupewa.

Anayehitaji kushawishiwa mapema kuliko mkurugenzi ni fundi. Kupiga Windows ni riziki yake: anaifahamu kwa vidole, anaimaliza kwa saa moja, na mteja hurudi baada ya miezi michache kwa sababu virusi vimerudi. Linux inamwondolea mteja wa kurudi na inamletea maswali asiyoyajua, hasa ya printa. HP LaserJet 1020 na P1102, zilizojaa kwenye ofisi ndogo, kwa kawaida hazichapi kwenye Linux mpaka uweke HPLIP, kifurushi cha viendeshi vya printa za HP, kisha uendeshe amri ya hp-plugin, inayopakua kipande cha programu ya HP kutoka intaneti. Fundi asiyejua hilo atachomeka waya, ataona jina la printa limetokea, atatuma ukurasa, na hakuna kitakachotoka. Atarudisha Windows kabla ya chakula cha mchana. Ofisi inayotaka kuhama imlipe fundi wake siku mbili za kujifunza, na mkataba wa kila mwezi badala ya malipo ya kila tatizo, ili utulivu wa mashine uwe faida kwake.

Kwa ofisi ya mashine kumi, kazi ianze na kuhesabu mafaili. Tafuta kila .xlsm, .xls, .mdb, .accdb na .pub kwenye mashine zote, yaani mafaili ya Excel yenye makro au ya zamani, ya Access na ya Publisher. Wenye mafaili hayo ndio wa mwisho kuhama, au hawahami. Sakinisha LibreOffice kando ya Word kwenye mashine zote, usiondoe kitu. Kwa miezi mitatu ya kwanza acha ihifadhi kwa .docx: Tools, Options, Load/Save, General, halafu chagua muundo wa Word wenye .docx kwenye Always save as. Watetezi wengi watapinga hili kwa sababu ODF, muundo wa mafaili wa LibreOffice yenyewe (.odt kwa barua), ndiyo kiwango huria cha kweli, kilichosajiliwa ISO mwaka 2006. Wako sahihi kuhusu kiwango, lakini anayelazimishwa ODF siku ya kwanza atamtumia mteja faili la .odt, atapigiwa simu, na atarudi Word. Barua zinazotoka nje ziende kama PDF. Ukitaka ziweze kuhaririwa tena, weka alama kwenye Hybrid PDF wakati wa kuzitoa. Waraka asili utabaki ndani ya PDF hiyo hiyo na LibreOffice itaufungua. Violezo vya barua yenye nembo, hati ya malipo na muhtasari wa kikao viandikwe upya kwa mitindo (Styles), visibadilishwe kutoka vile vya zamani vilivyojaa nafasi. Ndipo .odt iingie kwa nyaraka za ndani.

Mfumo endeshi uje baadaye sana, na kwa mashine zenye sababu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, kichakato cha kizazi cha nane au zaidi. Laptop nyingi za mtumba ni za kizazi cha nne hadi cha saba; zina RAM ya GB 4 au 8 na miaka kadhaa ya kazi ndani yake. Hizo ndizo za kujaribia. Andaa flashi ya GB 8 kwa Rufus au Ventoy, weka Linux Mint ya Xfce, aina nyepesi ya Linux, iwashe mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na ujaribu kila kifaa: Wi-Fi, skana, printa, projekta, modemu. Printa ikikataa hata baada ya kutafutiwa kiendeshi, mashine iliyounganishwa nayo ibaki na Windows halali na iwe ya kuprintia, nyingine ziitumie kupitia mtandao wa ofisi. Kinachofanya kazi kwenye flashi kwa kawaida kitafanya kazi kwenye diski, na kilichokataa kikataliwe kabla diski haijafutwa.